Mpiko wa Tisa

Muroran, 20 Oktoba

Fundi Hibino,

Shikamoo. Kaa chini kwanza, vaa miwani, na Mama Fusae aache anachokaanga aje asikie.

Mirija yako ya udongo, ile uliyoitoa tanuruni kwa mpiko wa tano, imeshika! Niliipaka utando kwa ndani, nikaipika tena hapa, nikaibana kwenye mashine na kupitisha mchanganyiko wa gesi siku nne mfululizo. Kwa kila chembe moja ya naitrojeni iliyofanikiwa kupenya, za hidrojeni zilipita elfu moja na mia mbili. Bwana Wakui, mkuu wetu, mtu asiyecheka hata akitekenywa, alikuja kuzitazama namba akasema, "Hebu rudia." Nikarudia. Akasema, "Mh." Kwa hapa kwetu hiyo ni sherehe.

Sasa sikiliza. Anataka mirija kumi na miwili ifanye kazi pamoja kwa saa elfu moja bila kupumzika, na saa hizo ziishe kabla ya tarehe 31 Machi, mwaka wa kazi unapofungwa. Tukifaulu tutaongezewa miaka mitatu, na mirija yote itatoka kwenye karakana yako. Tukishindwa, mradi unafungwa. Mimi nitarudishwa kupima matofali, na wewe utarudi kufinyanga wale paka wa bahati wanaoinua mkono madukani. Najua unavyowachukia wale paka.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja: usibadilishe chochote. Utando wangu ni mwembamba mno. Punje ya vumbi au alama ya kidole ikiwa kwenye mrija wako, utando unachanika palepale na gesi yote inapita bila kuchujwa. Mikono iwe ileile, udongo uleule, tanuru lilelile.

Mimi situlii. Upepo wa bahari huku unapiga madirisha mchana kutwa, nami nazunguka mashine kama kuku anayetafuta pa kutagia. Chakula nakula nimesimama. Mwambie Mama Fusae aniandikie, maana kwenye simu anasema "haya, haya" na kukata kabla sijamaliza.

Wako,
Kanae


Seto, 28 Oktoba

Binti Kanae,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sababu mke wangu alidai nilisoma kwa pupa. Elfu moja na mia mbili. Sijui ni nyingi kiasi gani, lakini nilimwambia muuza tofu naye akanipa hongera, kwa hiyo lazima ziwe nyingi.

Unaniambia nisibadilishe kitu. Mtoto wewe, koti langu la kazi ni lilelile tangu ulipokuwa mwanafunzi unalala chumba chetu cha juu na kutumalizia machungwa. Nani hapa wa kubadilika? Kikombe cha pombe ya sake kwa mungu wa tanuru naweka kila mpiko. Na masharti ya baba yangu nayashika. Unamkumbuka yule fundi umeme aliyekuja akitoka kumzika shangazi yake? Nilimsimamisha mlangoni mpaka Fusae akamletea chumvi ajitakase, na hata hapo nilimwacha aingie kwa shingo upande. Tanuru halipendi msiba. Nyinyi wenye hadubini chekeni tu.

Nitakupa mirija ishirini kila mpiko, uchague mwenyewe.

Hibino

Nami naongeza kwa mkono wangu: huyu mzee amejisifu kwa muuza tofu mpaka nikamwonea huruma muuza tofu. Mimi mgongo tu unanisumbua, nimelala nahudumiwa kama bibi harusi. Mkaki wetu mwaka huu umezaa mpaka matawi yanagusa ukuta. Utapata matunda yako makavu kama kila mwaka. Na kula umekaa, Kanae. Mtu anayekula amesimama hata tumbo lake halijui kama ameshafika nyumbani.
Fusae


Muroran, 27 Novemba

Fundi,

Nini kimetokea?

Mpiko wa sita unavuja. Wala siyo mrija mmoja au miwili: kumi na tisa kati ya ishirini. Namba imeshuka kutoka elfu na mia mbili mpaka arobaini. Arobaini! Hata chungu cha maua kingejitahidi kuliko hapo. Nimebadilisha mpira wa kubania, nimebadilisha mitungi ya gesi, nimepaka utando upya kwa mirija iliyobaki ya mpiko wa tano, na hiyo inashika vizuri tu. Kwa hiyo kosa haliko kwangu. Samahani kwa kusema hivyo, lakini liko huko.

Je, umebadilisha maji? Umechukua unga wa udongo wa gunia jipya? Umemwazima mtu mikono?

Nimepiga simu mara nne. Inaita tu, haipokelewi. Bwana Wakui anapita mlangoni kwangu kila asubuhi na kuuliza, "Vipi?" nami namwonyesha arobaini ileile. Nijibu upesi, tafadhali.

Kanae


Seto, 2 Desemba

Kanae,

Mikono ni yangu, maji ni ya kisima kilekile, gunia ni lilelile. Nimelipekua tanuru kona zote, waya zote ziko sawa. Sikuandika mapema kwa sababu kulikuwa na shughuli.

Simu imeharibika. Usipige mpaka nikuambie.

Mpiko wa saba umo sandukuni. Niliupanga tanuruni tarehe 29 Novemba, nimeandika ubavuni kama kawaida. Naamini huu utashika.

Mke wangu anakusalimu. Anasema ule umekaa.

Hibino


Muroran, 15 Desemba

Fundi Hibino,

Haujashika. Huu umeanguka mpaka thelathini na tano.

Lakini sasa nina la kukuambia. Nimeupasua mrija mmoja na kuuweka chini ya hadubini. Kwa ndani kuna vidoa vya kioo, vidogo kuliko ncha ya sindano, vimetapakaa ovyo ovyo. Juu ya kila kidoa utando wangu umechanika. Nikavipima vile vidoa vina nini ndani yake. Vina chumvi. Chumvi, Fundi, ile ya kulia chakula!

Nimekaa nikawaza karakana yenu ilivyo, na ghafla nikaona pipa la figili za Mama Fusae. Kila Novemba huzipanga figili zake na chumvi na pumba za mchele zichachuke, na pipa hukaa pale pembeni ya mlango wa tanuru kwa sababu ya joto. Nakumbuka harufu yake mpaka leo. Mwambie Mama kwa heshima zote kwamba figili zake ni tamu lakini zinaniua. Alihamishe pipa hata kesho.

Nisingekuwa mkali hivi kama ningekuwa na muda. Bwana Wakui ametaja karakana moja ya Tajimi ambako mirija hupangwa tanuruni na mashine, hakuna mtu anayeigusa. Nilimwambia mashine haijui udongo. Akaniuliza, "Na fundi wako anaujua?" Nilitamani kumrushia mrija. Mpaka katikati ya Februari nisipokuwa na mirija kumi na miwili mizima, saa elfu hazitatosha na tumekwisha.

Kanae


Seto, 20 Desemba

Kanae,

Ni pipa. Umepatia. Tumelihamishia nyuma ya nyumba. Mke wangu anaomba radhi sana.

Mpiko wa nane nimeupanga leo. Utaupata kabla ya mwaka mpya. Huko Tajimi wana mashine nzuri, sikatai.

Anasema ule umekaa.

Hibino


Muroran, 11 Januari

Fundi, na Mama Fusae,

Mmenikasirikia. Msikatae. Tangu nilipohama kwenu sijawahi kukosa kadi yenu ya mwaka mpya. Hata mwaka ule Fundi alipovunjika mkono ilikuja, imeandikwa kwa kushoto. Mwaka huu nimeenda kwenye kisanduku cha barua siku tisa mfululizo, na kadi ya pekee yenye muhuri wa Seto imetoka kwa daktari wa meno. Mimi yangu niliwatumia, ile yenye picha ya korongo wawili. Sikupaswa kulisema vibaya lile pipa. Mama, nisamehe. Figili zako ni chakula cha kifalme.

Matunda ya kaki yamefika, asante. Lakini jamani, nani kayamenya haya? Yamechongeka kama yamemenywa kwa jembe! Mengine yamebaki na ganda upande mmoja, mengine kisu kimekula nyama yote, imebaki kokwa. Niliwaonyesha wenzangu wa maabara tukacheka mpaka Bwana Wakui akatoka ofisini. Mama, kama ni Fundi uliyempa kisu, mnyang'anye.

Mpiko wa nane umefika mia tatu na kumi. Ni nafuu, lakini bado tuko mbali na elfu, na vidoa bado vipo ingawa vimepungua. Sielewi. Kama pipa liliondoka, chumvi imetoka wapi tena?

Mama Fusae, niandikie hata mstari mmoja. Nimechoka kusomewa salamu.

Kanae


Seto, 17 Januari

Kanae,

Hatujakasirika. Kadi ilinipita tu.

Mirija nitarekebisha. Fanya kazi yako.

Hibino


Muroran, 24 Januari

Fundi Hibino,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia kwenye chumvi.

Nilirudi kwenye hadubini kwa sababu pipa lilikuwa linanisumbua. Chumvi ya figili ingekuja na pumba za mchele, na pumba zina alama zake, zingeonekana. Hii haina chochote ndani yake. Ni chumvi safi, ya mawe, iliyodondoka punje punje. Nikajiuliza ni wapi mtu hushika chumvi safi na kuidondosha hivyo, na bado sikuwa nimefika.

Halafu nilichukua masanduku matatu mabovu nikasoma ulivyoandika ubavuni. Mpiko wa sita ulipangwa tarehe 15 Novemba. Wa saba, tarehe 29 Novemba. Wa nane, tarehe 20 Desemba. Zamani ulikuwa unapanga siku yoyote, Jumanne, Ijumaa, hata siku ya mvua. Kutoka wa sita mpaka wa saba ni siku kumi na nne. Kutoka wa saba mpaka wa nane ni ishirini na moja. Nilisimama mbele ya kalenda ya ukutani na kidole changu, nahesabu saba, saba, saba.

Kuna watu gani wanaohesabu siku saba saba? Wanaokwenda hekaluni kumwombea maiti wao mpaka siku ya arobaini na tisa. Na wakitoka huko, kabla hawajavuka kizingiti, hujirushia chumvi: kifuani, mgongoni, miguuni. Nikamwona yule fundi umeme mlangoni kwako. Nikakuona wewe na koti lako, unarudi hekaluni, unajirushia chumvi mlangoni kwa tanuru, na dakika hiyohiyo unainama kupanga mirija yangu.

Kadi haikukupita. Nyumba yenye msiba haipeleki kadi ya furaha. Umenidanganya kwa kalamu miezi miwili, lakini hilo hukuweza kulifanya. Na mimi nimekuletea korongo wawili na neno "hongera" kwenye nyumba yenye maiti!

Nimezisoma salamu zake zote tena. Zote ni sentensi moja, ile aliyoandika mwenyewe mwezi wa kumi. Hukuwa na nyingine.

Ukihesabu na siku yenyewe, siku ya saba ikiwa tarehe 15, basi ni tarehe 9 Novemba. Jioni ya siku hiyo nilikuwa kwenye kibanda cha mishikaki karibu na stesheni, nakula nyama ya nguruwe na haradali, nacheka.

Sitaki kuuliza. Lakini huwezi kunijibu kwa mistari miwili safari hii. Niambie.

Kanae


Seto, 30 Januari

Kanae, mwanangu,

Ni kweli. Tarehe tisa, saa nne asubuhi. Fusae amefariki.

Ilikuwa kongosho. Tulijua tangu Agosti. Mgongo aliokuandikia ndio huo. Alikataa usiambiwe. Alisema, "Kanae alipofiwa na mama yake aliacha kila kitu mezani akakimbia, akakaa mwaka mzima hagusi kazi, na aliporudi kiti chake kilikuwa kimekaliwa. Safari hii asiache. Usimwambie mpaka mirija imalize saa zake elfu." Nilimwambia mimi sijui kudanganya. Akasema, "Andika maneno machache, hatajua, wewe daima ni mchoyo wa maneno." Nikaapa. Alinishika mkono mpaka nikaapa.

Simu haikuharibika. Niliitoa waya ukutani, kwa sababu kila ikilia nilikuwa namsubiri aipokee. Mimi kusikia sisikii vizuri, lakini ule mlio nausikia kwenye sakafu.

Sasa chumvi. Mazishi yalikwisha, na wewe ulikuwa unasubiri mirija. Baba yangu angelizima tanuru siku zote arobaini na tisa. Mimi sikuwa na siku hizo. Kwa hiyo nilichagua siku za hekaluni, maana siku hizo nilikuwa nimeombewa, nikajitakasa vizuri mlangoni, na chumvi nyingi, ili nisiliingizie tanuru kifo na kuiharibu kazi yako. Nilitaka kuilinda, Kanae. Mimi ambaye tangu utoto najua kwamba chumvi ikiingia motoni inaota kioo! Kuna mitungi mizima ya kale imevikwa kioo kwa njia hiyo. Akili ilikuwa wapi, sijui.

Ulipoandika neno "kioo" nilijua palepale. Mpiko wa nane nilijipangusa kwa brashi, nikalikung'uta koti, nikanawa mikono mpaka kiwiko. Lakini kuingia bila chumvi nilishindwa. Nilijaribu mara mbili, miguu ikakataa. Ndiyo maana vidoa vilipungua lakini havikwisha.

Na nikaliacha pipa lake libebe lawama. Ulipoandika kwamba ni figili zake, nikaona nimepata mlango wa kutokea, nikapita. Katika uongo wote, huo ndio unaonichoma. Mwaka huu wala hakuwahi kupanga figili. Pipa liko tupu.

Nimeonyesha kwamba siaminiki. Mchukue yule wa Tajimi mwenye mashine. Mashine haifiwi.

Hibino Tsugio


Muroran, 3 Februari

Fundi,

Barua yako ilifika juzi asubuhi. Niliisoma nimesimama, nikavaa koti, nikaenda stesheni. Nilikuwa na tiketi mkononi. Treni ya kwenda kusini ikaja, milango ikafunguliwa, mzee mmoja akaniuliza, "Binti, unapanda au hupandi?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi toka njiani." Nikatoka njiani. Treni ikaondoka, nami nikarudi maabara na kusafisha mashine yote mpaka vidole vikatoka damu.

Nimekukasirikia, nami nitakukasirikia muda mrefu. Mama Fusae nimemkasirikia zaidi. Alinipimia akili yangu kwa kosa la miaka tisa iliyopita. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba alipatia: ningeambiwa Novemba ningeacha yote.

Sasa nisikilize, kwa sababu zimebaki siku kumi na mbili.

Tajimi siendi. Mashine yao haijawahi kunipa elfu moja na mia mbili. Nataka mpiko wa tisa, utoke kwenye mikono yako, bila punje moja ya chumvi. Acha koti lile. Safisha rafu za ndani kwa maji, uchome tanuru tupu kwanza. Halafu ingia.

Najua miguu itakataa. Basi jiulize ile chumvi unamfukuza nani. Si kifo tu hivi hivi, ni Mama Fusae. Yeye ndiye amekuletea chai mlangoni pale miaka arobaini na tatu, akikupigia kelele kwamba inapoa. Unamfuta mlangoni kwake mwenyewe? Tanuru linamjua kuliko linavyonijua mimi. Ingia naye. Ukiwa na msiba wako wote mwilini, ingia hivyohivyo. Mpiko ukiharibika kwa sababu hiyo, lawama ni yangu, na nitamwambia Bwana Wakui hivyo kwa mdomo wangu.

Sitakuja sasa. Usidhani sitaki.

Kanae


Seto, 10 Februari

Kanae,

Mirija ishirini imo sandukuni.

Tanuru nililichoma tupu. Koti nililiangalia nikaona kuna chumvi mpaka kwenye mishono, kwa hiyo nikavaa aproni yake, ile ya maua ya zambarau. Nilikaa kwenye kigoda nje ya mlango tangu saa mbili asubuhi. Muuza tofu akapita, akaniona nilivyovaa. Akaniwekea vipande viwili vya tofu, kama zamani tulipokuwa wawili, nami sikumrudishia kimoja.

Karibu na adhuhuri nilisema kwa sauti, "Haya, twende." Nikaingia. Nilipanga mirija yote ishirini. Nililia wakati wa kupanga, lakini niligeuza uso pembeni, kwa hiyo usihofu, machozi nayo yana chumvi na hilo safari hii nililikumbuka.

Usinifiche namba. Iwe mbaya au nzuri, niandikie ilivyo.

Hibino


Muroran, 30 Machi

Fundi Hibino,

Sikukuandikia siku zote hizi kwa sababu niliogopa kuigusa hata kalamu. Mirija kumi na miwili iliwashwa tarehe 15 Februari. Siku ya tatu umeme uliyumba kwa ajili ya theluji na moyo wangu ukayumba nao. Wiki ya tano mtungi mmoja ulichelewa kubadilishwa, nikamfokea kijana wa watu mpaka leo naona aibu. Kila asubuhi nilifika mlangoni nikiwa sitaki kuingia, nikakumbuka kigoda chako, nikaingia.

Jana mchana saa elfu moja zilitimia. Namba ya mwisho ni elfu moja mia moja na themanini. Hakuna mrija uliovuja. Hakuna hata mmoja.

Bwana Wakui alitazama, akasema, "Mh." Akaenda mpaka mlangoni, akageuka, akasema tena, "Mh." Kisha akaniuliza fundi huyo wa Seto anapenda kinywaji gani. Miaka mitatu tumepewa. Karatasi imegongwa muhuri leo.

Nilizima mashine mwenyewe. Kukawa kimya, nikakaa kwenye kiti, nikafungua chakula changu na kukila chote nimekaa. Hapo ndipo nililia, kwa mara ya kwanza tangu Januari, na wenzangu wakatoka nje wakaniacha.

Nitafika tarehe 6 Aprili kwa treni ya mchana. Nipeleke kaburini kwanza. Tukitoka huko tutapita tanuruni moja kwa moja, na usinirushie chumvi.

Kanae


Seto, 1 Aprili

Mwanangu,

Elfu moja mia moja na themanini. Nilimwambia yeye kwanza, halafu muuza tofu.

Naweka ndani bahasha hii. Aliiandika tarehe 3 Novemba na kuifunga mwenyewe, akanikabidhi niitume mirija ikishamaliza saa zake. Alitaka ije kwa posta, nisikupe mkononi. Alisema, "Alie kwake kwanza, akija kwako awe ameshapunguza." Sijaifungua. Sijui ameandika nini.

Chumba cha juu nimekifagia. Nitakuwa stesheni.

Hibino


(ndani ya bahasha)

Kanae,

Ukisoma hii, mirija imeshika na mzee amekwisha kukuambia. Usimlaumu, mimi ndiye niliyemwapisha. Nilitaka umalize kitu kimoja bila mtu kufa katikati yake, na kwa kuwa kufa lazima nife, ilibidi nife kimyakimya.

Leo hali yangu ni nzuri kidogo. Wamenigeuzia kitanda nione nje. Mzee amekaa kibarazani na ndoo nzima ya kaki, anamenya, mimi namwelekeza kutoka hapa. Ni mara ya kwanza ameshika kisu cha jikoni tangu tuoane. Nilimwambia tununue yaliyokwisha kukaushwa, hakutaka. Amesema, "Kanae amezoea ya nyumbani, asije akajua kuna kitu kimebadilika." Basi anayamenya tangu asubuhi. Amejikata mara mbili akadhani sikuona.

Yatakuwa mabaya, mwanangu, nayaona kutoka hapa. Kula yote. Na umwandikie kwamba mwaka huu yamemenywa vizuri kuliko miaka yote. Tafadhali usimcheke. Huyu mtu akichekwa kwa kazi ya mikono yake, siku mbili nzima hali chakula.

Fusae